Muhimbili ya mama, Muhimbili yangu, na hii ya Mloganzila

Leo Jumapili mvua inanyesha tangu alfajiri huku Magomeni, hakuna pa kwenda, acha niandike haya mambo ambayo nimekaa nayo siku nyingi. Mtu akisikia Muhimbili anawaza hospitali tu, yaani mgonjwa kashindikana mkoani kapewa rufaa kaletwa Dar, lakini ndani ya geti lilelile kuna chuo, na hicho chuo ndo kimenilea mimi, na kabla yangu kilimlea mama yangu kwa namna ambayo haipo kwenye cheti chochote. Nimekiona kikiitwa majina tofauti, nimekiona kikitenganishwa na hospitali kisheria halafu wakaendelea kuishi kama ndugu waliogawana nyumba ila wanachota kisima kimoja, na sasa hivi nafundisha vijana ambao wengine walizaliwa mimi nimeshavaa koti jeupe.

Mama alikuwa nesi. Alisomea uuguzi palepale Muhimbili mwanzoni mwa miaka ya 70, akapangiwa palepale, akastaafu palepale. Kipindi ambacho usafiri wa UDA haueleweki alikuwa anakatiza Jangwani kwa miguu, viatu vyeupe kavitia kwenye mfuko visishike tope, akifika anaosha miguu bombani anavivaa. Shule zikifungwa na nyumbani hakuna wa kuniangalia alikuwa ananibeba siku za zamu ya mchana, nakaa chumba cha manesi nakunja gozi, vile vitambaa vya kufungia vidonda, maana zamani gozi zilikuwa zinakatwa kutoka kwenye robota, zinakunjwa moja moja, zinapangwa kwenye dramu, dramu linapelekwa otokleva, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke. Nilikuwa nakunja vizuri mpaka masista wengine wakawa wananigombania. Na pale nilipokaa mlango ulikuwa wazi, naona wodini.

Nilichokiona miaka ile, na sikukielewa mpaka nilipokuwa mkubwa, ni vitu viwili. Cha kwanza mama alikuwa hamgusi mgonjwa kabla hajasugua viganja vyake, anavisugua vikichemka kidogo ndo anaweka mkono tumboni au begani kwa mtu. Hata iwe saa 8 mchana Desemba jasho linatoka, anasugua. Cha pili madaktari vijana walikuwa wanamfuata. Anakuja kijana mrefu na stethoskopu shingoni, anasimama mlangoni anasema sista, samahani, hebu njoo umwone huyu wa kitanda cha 9, sielewi. Mama anaacha anachofanya anaenda. Wanarudi wanaongea kwa sauti ya chini, yule kijana anaandika. Yaani mama alikuwa anafundisha madaktari, na hakuna karatasi hata moja inayosema alikuwa mwalimu.

Mimi niliingia mwaka 1995. Wiki za mwanzo kuna mwalimu wetu mmoja, mzee wa makamo, alitumia kipindi kizima kutueleza pale tulipokaa palitoka wapi, na mimi nilikuwa nimebana kitabu kipya cha anatomia kwapani nikaona anatuchelewesha. Leo ndo somo ninalolikumbuka kuliko mengine yote ya mwaka ule. Alianza na majina ya majengo ya wodi. Alituuliza nani anajua Sewa Haji ni nani, kimya. Akasema huyo alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi wa Bagamoyo, enzi za Mjerumani, alitoa hela zake ikajengwa hospitali ya watu wa kawaida hapa Dar. Kibasila je? Huyo wengine tulimjua, yule wa Uzaramo kwenye vita vya Maji Maji aliyegoma kulima pamba ya Mjerumani. Halafu akatuambia hospitali yenyewe ilipofunguliwa mwaka 1956 iliitwa kwa jina la binti wa kifalme wa Uingereza, Princess Margaret, uhuru ulipokuja ndo ikapewa jina la Muhimbili. Akasema mkiingia Kibasila mkamkuta mgonjwa maskini asiye na ndugu, kumbukeni mmeingia nyumba ya nani.

Akaendelea. Mwalimu Nyerere alikuwa anapenda kukumbusha kwamba tulipopata uhuru nchi nzima ilikuwa na madaktari wetu 12 na mainjinia 2. Kumi na mbili, hebu waza, kuanzia Bukoba mpaka Mtwara. Aliyetaka udaktari alikuwa anaenda Makerere, Uganda, ambako walikuwa wanafundisha tiba tangu 1924, au anapanda meli kwenda ng'ambo. Ndo mwaka 1963 Wizara ya Afya ikaanzisha shule ya tiba hapahapa Dar, miaka 2 tu baada ya uhuru, wakati hata barabara za lami zilikuwa za kuhesabu. Mwaka 1968 ikawa kitivo cha tiba cha chuo kikuu kishiriki cha Dar es Salaam, na chenyewe wakati huo bado kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi, kabla ya kila nchi kuchukua chake mwaka 1970. Halafu 1976 hospitali na kitivo vikaunganishwa viwe kitu kimoja, ndo ile MMC ambayo wazee bado wanaitaja hivyohivyo, Muhimbili Medical Centre.

Nilivyorudi nyumbani nikamwambia mama tumefundishwa historia ya MMC. Akacheka akasema hiyo siyo historia, hiyo ni kazi yangu. Kwa mama MMC maana yake ilikuwa bosi wa wodi na mwalimu wa chuo ni mtu yuleyule, raundi ya asubuhi ndo kipindi cha darasa, dokta bingwa anamuuliza mwanafunzi swali mbele ya mgonjwa, mwanafunzi akikwama anamgeukia sista na sista anajibu. Miaka ya 70 hiyohiyo ndo ufamasia na udaktari wa meno navyo vikaanza kufundishwa, na mwaka 1974 kikaanzishwa kitengo cha kutafiti dawa za asili, ambacho baadaye kikawa taasisi kamili, kitu ambacho mimi nakipenda sana maana bibi yangu mzaa mama alikuwa anajua mizizi, na wakati ule mtu wa koti jeupe kukaa chini na mganga wa jadi akaandika majina ya miti ilikuwa ni heshima kubwa kwa watu wetu.

Sisi wa 1995 tulikuta kitivo kimeshapandishwa tangu 1991 kuwa chuo kikuu kishiriki, MUCHS, bado chini ya Mlimani. Ndo maana cheti changu cha udaktari kimeandikwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, vijana wangu wakikiona ofisini wanashangaa, dokta kumbe ulisoma Mlimani? Nawaambia nilisoma hapahapa Upanga.

Miaka 2 ya mwanzo ni vitabu na chumba cha kupasulia maiti, harufu ya fomalini inaingia mpaka kwenye nywele, unapanda daladala watu wanasogea. Sapu, yaani mtihani wa kurudia, nilipata moja, biokemia, nikafaulu, tuiache hiyo. Maisha yalianza mwaka wa 3 tulipoingia wodini.

Kuna mzee mmoja wa Mbagala, sitamtaja jina na nina uhakika alishatangulia mbele ya haki, alikuwa amelazwa na bandama kubwa sana, ile ya malaria ya miaka mingi, imevimba mpaka imevuka kitovu. Tumbo lake likawa darasa. Kila kikundi cha wanafunzi kinaletwa kwake, wanaume wanawake, siku nyingine vikundi 2 kwa siku. Zamu yetu tulikuwa 6. Nikatangulia mimi sababu nilijiona nimesoma. Nikaweka mkono kushoto, chini kidogo ya mbavu, nikabonyeza, nikatafuta ule ukingo wa bandama kama kitabu kilivyosema, sioni kitu, nikahamisha kidogo, sioni. Mikono ya baridi maana nilikuwa na woga. Mzee akafumba macho kwa ule ubaridi, alivyofumbua akanishika kiganja, hakunisukuma, alinishika tu, akakisogeza mpaka chini kabisa kulia karibu na nyonga, akasema anza huku mwanangu, huko juu ulikuwa umeshapanda juu yake, huwezi kuona ukingo ukiwa umesimama juu ya kitu. Akauliza, nivute pumzi? Akavuta pumzi bila mimi kumwambia. Nikapanda taratibu na mkono, anavuta pumzi, napanda, anavuta pumzi, napanda, na ghafla kitu kigumu laini pembeni kikaja kugonga ncha za vidole vyangu, kimekuja chenyewe na ile pumzi. Nikashtuka. Mzee akatabasamu akasema umekutana nayo.

Wote 6 alitufundisha hivyohivyo, mmoja mmoja, na kwa kila mmoja alivuta pumzi labda mara 10. Jumla mara 60, mtu mgonjwa, mtu mwenye damu ndogo. Tukamshukuru tukaondoka kwenda kwenye chai. Njiani nikakumbuka sikumuamkia. Niliingia pale na kumfunua shuka bila hata shikamoo. Nilirudi peke yangu nikamwambia shikamoo mzee, samahani, sikukuamkia. Akasema marahaba, umekuja na haraka ya kujifunza, siyo vibaya, ila kesho uanze na hiyo. Na jioni nikamsimulia mama, mama akauliza swali moja tu, mikono ulisugua?

Miaka ileile wodi za nchi nzima zilikuwa zimejaa UKIMWI. Wa umri wangu waliosoma udaktari wanajua ninachosema, sijui kama nitaweza kukieleza vizuri kwa mtu ambaye hakuwepo. Wagonjwa wa kwanza nchini walionekana Kagera mwaka 1983, mpaka sisi tunaingia wodini ugonjwa umeshafika kila nyumba na dawa hatuna. Ulikuwa unajifunza kichomi, kifua kikuu, homa ya uti wa mgongo ya fangasi, vyote kwa mtu mmoja kitanda kimoja, unajifunza haraka mno, na unaowajifunzia ni watu wa umri wako, mwalimu wa shule ya msingi, dereva wa malori, dada muuza duka, wanakuuliza dokta nitapona, na wewe siyo dokta bado na unajua jibu. Manesi ndo walitufundisha kukaa. Kukaa tu, kuvuta kiti au kukaa pembeni ya kitanda, kumgeuza mtu, kumlowesha midomo na pamba yenye maji. Kwenye mtihani hakuna swali la kumlowesha mtu midomo, lakini nikiulizwa leo nimejifunza nini kikubwa pale nitasema hicho, kwamba dawa ikikosekana udaktari haujaisha.

Nikamaliza 2000. Na mwaka huohuo ndo MMC ikavunjwa kisheria, hospitali ikawa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili na uongozi wake, chuo kikabaki na uongozi wake. Sababu zilikuwepo, kuendesha hospitali kubwa ya rufaa ni kazi moja na kuendesha chuo ni kazi nyingine, bajeti tofauti, wizara tofauti, na ukiviweka pamoja kimoja kinaweza kumezwa. Mimi sipingi. Lakini nakumbuka jioni moja tumekaa barazani nikamwambia mama kwa utani, sasa wewe ni wa hospitali na mimi ni wa chuo, sitakuuliza tena. Mama hakuchukulia utani. Akasema mgonjwa hiyo sheria hajasomewa, akiona koti jeupe na gauni la nesi anaona watu wake, mkianza kusema huyu wa kwetu huyu wa kwenu atakayeumia ni aliyelala.

Baada ya intanishipu nilipelekwa wilayani, mkoa sitautaja, hospitali sitaitaja, nilikuwa daktari pekee mwenye digrii pale kwa miezi kadhaa. Hii sehemu ndo ngumu kuandika. Usiku mmoja kaletwa mtoto wa kike wa kama miaka 2 na nusu, homa siku 4, anapumua haraka. Nikampima, nikaandika malaria kali, nikaagiza kwinini ya dripu na kipimo cha wingi wa damu. Kulikuwa na muuguzi msaidizi pale, mama mtu mzima, elimu yake darasa la 7 na mafunzo kidogo, akafungua kiganja cha mtoto akaweka pembeni ya kiganja chake, akaniambia dokta, viganja vyeupe kabisa hivi, huyu tutafute damu sasa hivi. Nikamwambia tusubiri majibu ya maabara. Umeme ulikuwa umekatika, mtu wa maabara kaenda kutafutwa nyumbani kwake. Nilisema tusubiri kwa sababu nilikuwa nimesoma miaka 5 na yeye hakusoma, huo ndo ukweli, sina sababu nyingine ya kuweka hapa.

Majibu yalikuja baada ya karibu masaa 3. Wingi wa damu 3, kidogo mno. Mtoto anahema tumbo linaingia ndani. Nikaanza kupiga kelele baba yuko wapi apimwe kundi, tutafute mtu wa kutoa, na yule mama akaniambia kwa utulivu, dokta, baba ameshapimwa, ameshatolewa, chupa iko maabara, nilimpeleka mwenyewe ulivyoenda wodi ya wazazi. Alikuwa ameshampeleka. Aliona siamini, hakubishana na mimi mbele ya mzazi, akamchukua baba wakamfuata mtu wa maabara nyumbani, wakarudi naye na taa ya kandili. Mtoto aliwekewa damu saa 9 usiku, kulipokucha alikuwa anaomba uji. Angenitegemea mimi asingefika asubuhi.

Nilienda kumwomba msamaha yule mama. Akasema dokta usijali, viganja ndo maabara yetu sisi. Baadaye nikakuta kwamba kuangalia weupe wa viganja vya mtoto kumeandikwa kabisa kwenye miongozo ya kutibu watoto, ni dalili rasmi, mimi niliisoma ikapita. Tangu siku ile sijawahi kumkatisha muuguzi anaponiambia kitu, awe na cheti gani, na nikiwa na wanafunzi nawasimulia kisa hiki chote bila kujificha, mwaka wa 3 kila mwaka.

Nikarudi Muhimbili 2004 kusomea ubingwa wa magonjwa ya ndani. Na mwishoni mwa mwaka huohuo serikali ikaanza mpango wa kutoa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI bure. Sijui niseme nini. Mtu analetwa kabebwa kwenye kitenge na ndugu 4, baada ya miezi anaingia mwenyewe kliniki na mkoba, kanenepa, anakusalimia humjui, anacheka. Tuliosoma miaka ya 90 tulikuwa tunatoka nje ya chumba kidogo kufuta machozi tunarudi. Wanafunzi wa MD, digrii ya kwanza ya udaktari, wa wakati ule walikuwa wanatushangaa, wao waliona kliniki kama kliniki.

Nilipomaliza 2007, chuo nacho kikawa chuo kikuu kamili, MUHAS, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, kikaachana na Mlimani. Kwa hiyo nimetoka mara ya kwanza mwaka hospitali inatengwa na mara ya pili mwaka chuo kinajitegemea, imetokea tu hivyo. Kutoka shule ya wizara mpaka chuo kikuu kamili ni miaka 44, na katikati hapo kimezaa wengine. Sheria ya 1991 iliporuhusu tena watu binafsi kutoa huduma za tiba kwa faida, baada ya zuio la tangu 1977, vikaanza kuja na vyuo, Kairuki pale Mikocheni 1997, mwaka huohuo KCMC ya Moshi nayo ikaanza chuo ingawa hospitali yake ilikuwepo tangu 1971, Bugando Mwanza 2003, halafu Dodoma, halafu Mbeya. Ukienda vyuo hivi ukauliza walimu wao walisoma wapi, wengi watakutajia Upanga. Na walioko Upanga ukiwauliza nani aliwafundisha watataja walimu waliosoma Makerere.

Sasa Mloganzila. Kwa asiyejua, unatoka mjini Barabara ya Morogoro unapita Ubungo, Kimara, Mbezi, mpaka Kibamba, ndo unaingia ndani. Chuo kina eneo la ekari zipatazo 3,800 huko, ukilinganisha na Upanga ambapo kila kipande kina jengo au gari limepaki. Hospitali ya kisasa ikajengwa kwa mkopo kutoka Korea Kusini, ikafunguliwa rasmi 2017, mwanzoni ikiwa ya chuo, halafu 2018 ikawekwa chini ya Hospitali ya Taifa. Nilipoisikia hiyo habari nikamkumbuka mama na baraza, lile swali la nani wa hospitali nani wa chuo bado linaendelea tu, na nadhani litaendelea maana ndivyo shule ya tiba ilivyo, haiwezi kuishi bila wodi na wodi haiwezi kuendeshwa kama darasa.

Mawazo yangu mimi ni haya, na nayasema kwenye vikao pia. Nchi inahitaji madaktari wengi, idadi ya wanafunzi imepanda kila chuo na ni sawa ipande. Lakini tukipanga kuongeza wanafunzi tunahesabu viti vya ukumbini, vyumba vya hosteli, kompyuta. Vitanda tunahesabu kidogo. Manesi hatuhesabu kabisa. Kitanda kimoja na wanafunzi 15, wa nyuma haoni hata shuka, atajifunza bandama kwenye picha. Yule mzee wa Mbagala asingeweza kuvuta pumzi mara 150. Na nesi anayefundisha wanafunzi wetu kila siku mpaka leo hana cheo cha ualimu, hana posho ya ualimu, anafundisha kwa moyo wake huku zamu yake inamsubiri, kama mama. Natamani siku moja kwenye mahafali, kabla ya kusoma majina ya wahitimu, yasomwe majina ya masista wa wodi walizopita.

Mama sasa hivi ana kisukari na presha, ni bibi wa wajukuu 5. Siku moja nilimpeleka kliniki Mloganzila, yeye mwenyewe alitaka kupaona. Alitembea kwenye zile korido pana anashika kuta, anaangalia juu, akauliza gozi siku hizi zinakuja zimeshakunjwa? Nikamwambia zinakuja kwenye pakiti mama. Akasema afadhali.

Alikuja kijana wa mwaka wa 4 kumpima miguu, hajui kwamba mimi ni mwalimu, nilikuwa nimekaa pembeni na kitenge kama ndugu wa mgonjwa. Alisema shikamoo bibi. Nikasikia moyo umetulia. Akaomba ruhusa, akavua soksi za mama taratibu, akaangalia katikati ya vidole kama kuna kidonda, vizuri kabisa, halafu akaanza kutafuta mshipa juu ya mguu. Akaweka vidole 2, akakandamiza. Hakuna. Akasogeza, akakandamiza zaidi. Nikaona kijasho kinamtoka, ameshaanza kuwaza akaandike mshipa haupo, na mshipa wa mama upo, ninaupima kila mwezi. Nilitaka kunyanyuka. Mama akanitazama nikakaa.

Akamwambia mjukuu wangu, vidole vyako vya baridi, sugua kwanza. Kijana akasugua. Haya weka tena, hapohapo, sasa legeza, ukikandamiza hivyo unausimamisha mwenyewe, weka kama unashika jani. Kijana akalegeza. Akafumba macho. Tulikaa kimya wote 3.

Nimeupata bibi.

Haya, hesabu.